Kumbukumbu za Kikao cha Familia ya Marehemu Bujiku Kuhusu Mahali pa Kuweka Ving'ora vya Moto Nyumbani kwa Mayu Nyanjige

TAREHE: Jumamosi, 12 Julai 1997
MAHALI: Barazani kwa Mayu Nyanjige, Sapiwi, Bariadi

WALIOHUDHURIA
1. Mabula Bujiku, mtoto wa kwanza, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme Mwanza: Mwenyekiti
2. Mayu Nyanjige, mjane wa marehemu na mama wa wote: Mwenye nyumba
3. Marcelo Bujiku, mtoto wa pili, mkulima, anakaa hapa hapa uani: Mjumbe
4. Generoza, mke wa Marcelo: Mjumbe
5. Justina Bujiku, binti, ameolewa Nassa: Mjumbe
6. Athanasi, mdogo wa marehemu, zamani karani wa chama cha msingi cha pamba: Katibu

MWALIKWA
Thomasi, fundi redio wa Bariadi mjini

ASIYEHUDHURIA
Novatus Bujiku, kitinda mimba, yuko machimboni Geita. Hakutoa taarifa. Mayu alisema aandikwe kwamba anasalimia, kwa sababu kama angejua kuna kikao angesalimia.

KUMB. NA. 1/7/97: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Kilifunguliwa saa nane mchana, kwa kuwa basi la Mwenyekiti lilipata pancha njiani na Mwenyekiti aliwasili akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mayu alikataa kikao kianze kabla watu hawajala. Watu walikula. Justina alikuwa ameleta sato wa kukaanga kutoka Nassa, na katibu anaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba walikuwa sato wazuri.

Marcelo aliuliza kama kuna ulazima wa mambo ya nyumbani kuandikwa kama mkutano mkuu wa ushirika. Katibu alijibu kwamba tangu soko la pamba lifunguliwe na chama chake kikose kazi, hana kikao kingine cha kuandikia, na kalamu nayo ni mdomo, isipotumika inanuka. Wajumbe walicheka. Hoja ilipita.

KUMB. NA. 2/7/97: YATOKANAYO NA KIKAO CHA PASAKA

Katibu aliwakumbusha wajumbe chanzo cha jambo. Msimu uliopita nyumba ya jirani yetu, Mzee Kwandu, iliungua na pamba yake yote ndani. Kila mtu anajua siku hizi tunavyolala na pamba. Zamani ushirika uliipokea ikiwa bado na joto la jua. Sasa wanunuzi ni wengi, huyu anakuja na mzani wake, yule anaahidi wiki ijayo, na mkulima anaona bora aiweke chumbani asubiri bei ipande. Pamba ikishika cheche hailipuki. Inatafuna moto kimya kimya kwa ndani, mwenye nyumba akiwa usingizini pembeni yake na koroboi mezani. Mzee Kwandu alitolewa dirishani akiwa hai, na Mungu ashukuriwe.

Kwa sababu hiyo Mwenyekiti alileta ving'ora vitatu kutoka dukani kwake Mwanza. Ni visahani vyeupe vya plastiki vya kufungwa juu, vyenye taa ndogo nyekundu, ambavyo moto ukitokea hulia kwa sauti kali. Kikao cha Pasaka kilipanga mahali pa kuviweka kama ifuatavyo:

Kimoja jikoni, kwa hoja ya Marcelo kwamba moto unakaa jikoni. Hoja iliungwa mkono na wote.

Kimoja sebuleni, juu ya picha ya marehemu, ili wageni wakione.

Kimoja juu ya mlango wa chumba anacholala Mwenyekiti akija nyumbani.

Chumba cha pamba hakikupata kitu. Mwenyekiti alisema wakati ule kwamba pamba haipiki. Leo aliomba maneno hayo yafutwe. Katibu alieleza kwamba kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa hazifutwi.

KUMB. NA. 3/7/97: TAARIFA YA YALIYOTOKEA TANGU PASAKA

Marcelo alitoa taarifa kwamba king'ora cha sebuleni hakijawahi kulia. Alipoulizwa sababu alisita, kisha akakiri kwamba alitoa ile betri yake ya mraba akaitia kwenye redio yake ndogo siku ya mechi ya Simba na Yanga. Alisisitiza kwamba ilikuwa kwa muda. Justina aliuliza muda gani huo unaovuka mwezi. Marcelo alisema timu zilitoka sare.

King'ora cha jikoni ndicho kilicholeta maneno. Mayu hupika kwa kuni na vijiti vya pamba, na jiko lake limeshikana na nyumba kubwa chini ya bati moja. Kila akiwasha moto alfajiri, king'ora kililia. Akipika mchana kililia. Akichemsha maji ya kuoga kililia. Na Mayu aliendelea kukoroga uji wake kana kwamba hakuna kitu, mpaka moshi uishe, kinyamaze chenyewe.

Generoza, ambaye nyumba yake inatazamana na ya Mayu ng'ambo ya uwa, alisema amechoka kuamshwa. Mara nyingi alivuka uwa akapunga kanga chini ya kile kidude mpaka kikanyamaza, na Mayu alimtazama tu bila kusema neno. Mwishowe alikifunga kwa tambara.

Mwenyekiti alieleza kwamba taarifa hizo zilimfikia Mwanza na zilimuumiza. Alisema amemletea mama yake kitu cha kulinda uhai wake, na mama anakipuuza kama nzi. Alitumia neno kiburi. Alilitamka akiangalia chini.

Justina alitaka ijulikane kwamba kuna maneno mengine kijijini. Watu wanaopita kwenda kisimani alfajiri wanauliza ni kitu gani kinacholia nyumbani kwa yule bibi, na ile taa nyekundu inayochungulia gizani inamchungulia nani. Katibu hapendi kuandika maneno haya lakini ataandika. Mwanamke mzee, mjane, mwenye macho yaliyogeuka mekundu kwa miaka ya moshi: huku kwetu sote tunajua mtu wa namna hiyo husingiziwa nini, na tunajua waliosingiziwa walifanywa nini. Marcelo alisimama akaenda kufukuza mbuzi ambao hawakuwa wanakula kitu cha mtu.

Wakati wote huu Mayu alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya katibu, anachambua pamba, safi kushoto na fifi, ile chafu, kulia. Hakuchangia ajenda hii.

KUMB. NA. 4/7/97: LALAMIKO LA GENEROZA

Mwenyekiti alitaka kuendelea na ajenda ya mafundisho. Generoza aliomba kusema kwanza, kwa kuwa neno kiburi limekwisha kutamkwa na si yeye aliyelitamka.

Alisema mambo ya king'ora hayamshangazi. Ni mwaka wa pili sasa kila asubuhi anavuka uwa, anapiga magoti mlangoni jikoni na kusema mwangaluka mayu, umeamkaje mama, kama alivyofundishwa na mama yake. Mayu haitiki. Anaendelea kupuliza moto akiwa amempa mgongo. Mwanzoni alisubiri. Baadaye akawa anasalimia na kuondoka. Tangu mavuno haya hasalimii tena, anapita kwenda kisimani kama anapita kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Generoza alisema, kwa maneno yake mwenyewe: "Sijui nilikosa nini. Kama ni kwa sababu nimezaa wasichana watupu, basi aniambie. Salamu hata mbwa wa nyumbani anaitikiwa."

Marcelo alimwambia mkewe yatosha. Generoza alisema bado, akalia, kisha akasema sasa yatosha.

Katibu alimgeukia Mayu kutaka jibu. Mayu alimtazama katibu mdomoni, akasema kwa upole kwamba sato walikuwa na chumvi ya kutosha. Wajumbe walilichukua jibu hilo kuwa la dharau. Katibu naye alilichukua hivyo, na alisikitika, kwa kuwa hajawahi kumfahamu shemeji yake huyu kwa dharau.

KUMB. NA. 5/7/97: MAFUNDISHO KUHUSU VING'ORA

Mwenyekiti alitoa karatasi ya maelezo iliyokuja na ving'ora, ambayo Pasaka aliisahau dukani. Imeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Waliisoma yeye na fundi Thomasi wakisaidiana, na mara mbili walibishana.

Ilibainika kwamba ving'ora vitatu si vya aina moja. Viwili hunusa moshi. Kimoja hakijali moshi kabisa, kinapima joto, na hakilii mpaka mahali penyewe pawe na joto la moto hasa. Karatasi inaagiza kwamba cha joto ndicho cha jikoni, na cha moshi kikae karibu na watu wanakolala, kwa sababu moshi humkuta mtu usingizini kabla ya mwali.

Mwenyekiti aliangalia nyuma ya kisahani kilichokuwa juu ya mlango wa chumba chake. Kilikuwa cha joto. Kwa hiyo tangu Pasaka jiko limekaa na kinusa moshi, na chumba cha mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka kimekaa na cha jikoni. Mwenyekiti, ambaye huviuza vitu hivi, alikohoa. Marcelo alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akiwa na deni la betri kwenye upande mwingine.

Mambo mengine yaliyosomwa: kisifungwe kwenye kona ya ukuta wala karibu na dirisha, upepo utafukuza moshi usikifikie. Kwenye nyumba ya bati isiyo na dari kisiwekwe kileleni kabisa, bali chini yake kidogo kama shubiri, kwa kuwa joto la bati hulala pale juu na kuzuia moshi. Kisiwekwe ndani ya chumba chenye vumbi. Hapo Thomasi aliongeza kwamba vumbi la pamba litakiziba, afadhali kikae ukumbini, nje ya mlango wa chumba cha pamba. Betri ibadilishwe kila mwaka. Kijaribiwe kila wiki kwa kubonyeza kitufe. Karatasi haisemi lolote kuhusu redio, lakini wajumbe walikubaliana kwamba mwandishi wake hakuwahi kufika Sapiwi.

Justina aliuliza mbona kidude kililia kila siku pale jikoni. Thomasi alisema kilikuwa kinafanya kazi yake, kwa sababu ule moshi ni mwingi mno kwa mtu kukaa ndani yake.

Justina akasema: "Kidude kimekaa jikoni siku moja kikapiga kelele. Mama amekaa humo tangu hatujazaliwa. Nani kati yetu aliwahi kumpungia hata kanga?"

Katibu aliandika swali hilo.

KUMB. NA. 6/7/97: MAJARIBIO

Thomasi alirudisha betri ya Marcelo kwenye king'ora cha sebuleni, akakileta barazani, akasimama nyuma ya wajumbe na kubonyeza kitufe ili wote wajue sauti yake.

Sauti ilikuwa kali, nyembamba, ya kupasua meno. Justina aliziba masikio. Kuku walitawanyika. Mbuzi mmoja alikata kamba. Mwenyekiti alimpigia Thomasi kelele aachie, na Thomasi, akidhani anaambiwa akazie, alikazia.

Mayu aliendelea kuchambua pamba. Safi kushoto, fifi kulia. Alitoa kipande cha jani kwenye pamba, akakitupa. King'ora kilikuwa nyuma ya kichwa chake, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Alipoona mbuzi anakimbia ndipo alipoinua uso, akamtazama mbuzi, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, tukiwa tumeziba masikio.

Mikono yake ilisimama.

Thomasi aliachia kitufe. Katibu amehudhuria vikao vingi tangu ujana wake na hajawahi kuandika ukimya, lakini huu anauandika.

Generoza ndiye aliyekwenda. Alipita nyuma ya Mayu na kutoa salamu ya mchana, kwa sauti yake ile nyembamba ya siku zote: "Mwadila, mayu." Mayu hakugeuka. Alisema mara ya pili. Hakugeuka. Generoza alitutazama, mkono mdomoni. Kisha alizunguka mbele, akapiga magoti kwenye mkeka, uso kwa uso, akasema tena taratibu: "Mwadila, mayu."

Mayu aliangalia midomo yake. Aliitikia, akimwita mwanangu: "Mwadila, ng'wanawane. Mhola?"

Generoza alijibu kwamba ni salama tu: "Mhola duhu, mayu."

Mayu aliuliza habari za watoto. Aliuliza habari za kisima, za mgongo, za mama yake Generoza kule Mkula, za ng'ombe aliyezaa. Generoza aliitikia zote huku machozi yakimwagika juu ya pamba safi. Salamu ya miaka miwili haiishi upesi. Ajenda ilisubiri.

KUMB. NA. 7/7/97: MAKAZI YA MAYU

Ajenda hii haikuwa imepangwa. Mwenyekiti aliiingiza kwa dharura.

Mayu aliulizwa na katibu, uso kwa uso, tangu lini. Alijibu kwamba ndege ndio walioanza kupotea. Alidhani wamehama. Baadaye sauti za watoto zilikuwa zinafika bila maneno, kisha hazikufika. Sauti nzito anazipata, mtu akiwa karibu na anamwona mdomo. Ndiyo sababu anapenda kukaa na Athanasi. Katibu alikuwa akidhani muda wote huu shemeji yake anapendezwa na masharubu, na alipolisema hilo Mayu alicheka, akasema hata masharubu yapo, lakini yapunguzwe, yanaziba maneno.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema. Alirudia kuuliza, amekaa karibu zaidi.

Mwenyekiti alieleza hoja yake. Mama hasikii king'ora. Analala peke yake ukuta mmoja na chumba cha pamba. Kwa hiyo ving'ora, hata vikiwekwa vizuri namna gani, vitalia na yeye atakuwa amelala. Alisema hawezi kurudi Mwanza akijua hivyo, na alipendekeza mama aondoke naye Jumatatu akakae kwake, kwenye nyumba ya umeme isiyo na kuni wala pamba. Marcelo aliunga mkono kwa kusema kaka ana haki. Justina alisema hajui. Karibu hoja ipite.

Mayu aliomba asomewe kilichoandikwa. Katibu alimsomea hoja hiyo mdomo ukiwa wazi, masharubu yamekunjwa kwa kidole. Mayu aliweka pamba chini na kusema. Katibu ameandika kama alivyosema:

"Hilo ndilo nililoogopa. Ndiyo maana sikusema. Nilijua mkijua mtanihamisha. Mabula, sikatai nyumba yako. Lakini hapa mtu akitembea uani miguu yangu inamjua kwenye udongo. Nikiona moshi najua ni wa nani na anapika nini. Ng'ombe wakirudi nawaona kwa vumbi kabla ninyi hamjasikia kengele. Baba yenu amelala pale, sihitaji masikio kukaa naye. Mwanza nitakuwa kiziwi. Hapa mimi ni Nyanjige."

Mwenyekiti aliomba kikao kisimame kidogo. Kikao kilisimama. Mwenyekiti alikwenda nyuma ya nyumba, na aliporudi vumbi la usoni lilikuwa na michirizi.

Alisema anaomba radhi kwa neno kiburi, na kwamba hili anaomba lisifutwe.

Generoza aliomba nafasi. Alisema tatizo si Mayu kutosikia. Tatizo ni king'ora kulia mahali ambapo hakuna anayesikia. Yeye anasikia. Amekisikia tangu Pasaka mpaka amekichukia. Aliuliza kama fundi anaweza kufanya kikilia kwa Mayu, kilie kwake, juu ya kitanda chake.

Thomasi aligeuza visahani akaonyesha tundu la waya mgongoni. Alisema ving'ora hivi vimetengenezwa kuongea: vikiunganishwa kwa waya, kimoja kikilia vyote vinalia, iwe cha joto au cha moshi. Waya wa kengele unaweza kupita juu ya uwa kutoka bati hili mpaka lile. Ataunyanyua juu ili ng'ombe wasiukate.

Marcelo alisema basi yeye hatalala tena. Mkewe alimjibu kwamba alilala wakati wa betri.

Mwenyekiti aliondoa hoja yake.

KUMB. NA. 8/7/97: MAAZIMIO

Iliamuliwa kwa kauli moja:

Cha joto kiwekwe jikoni kwa Mayu, kwenye boriti, kisiwe juu ya mafiga moja kwa moja.

Cha moshi kiwekwe ukumbini, kati ya mlango wa chumba cha pamba na mlango wa chumba cha Mayu, shubiri moja chini ya kilele cha bati. Generoza atakipangusa vumbi kila Jumamosi na kukijaribu.

Cha pili cha moshi kiwekwe kwa Generoza na Marcelo, juu ya kitanda, na vyote viunganishwe. Sebule haitapata. Mlango wa Mwenyekiti hautapata. Mwenyekiti alisema akija atalala sebuleni karibu na mama.

Marcelo na Mwenyekiti watatoboa dirisha la pili jikoni kabla ya Mwenyekiti kurudi Mwanza, moshi upate njia. Justina atampeleka Mayu hospitali akaangaliwe macho na masikio.

Pamba itahamishiwa chumba cha upande wa pili, na Mayu atapewa tochi. Koroboi haitaingia tena ukumbini. Mayu aliuliza kama koroboi inaruhusiwa sebuleni. Iliruhusiwa, mtu akiwepo.

Katibu atakwenda mwenyewe kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akiwa na kisahani mkononi, na atakibonyeza mbele yao wakione na wakisikie, ili asiwepo mtu wa kusema hakujua nini kilikuwa kinalia. Mzee Kwandu aombwe afuatane naye. Mtu aliyeunguliwa na nyumba hahitaji kuhubiri.

KUMB. NA. 9/7/97: MENGINEYO

Mayu alisema akija mtu amesimama nyuma yake, amguse bega. Asimpite. Hili liliingizwa kwenye maazimio, na Novatus aandikiwe.

Mayu alisema pia kwamba hajali kuzaliwa kwa wasichana watupu, kwa kuwa yeye mwenyewe ni msichana mtupu. Haikujulikana alilipata wapi jambo hilo, ilhali lilisemwa bila yeye kusikia. Generoza alificha uso kwenye kanga. Justina alikiri kwamba ndiye aliyemnong'oneza, kwa midomo tu, wakati Mwenyekiti yuko nyuma ya nyumba.

KUMB. NA. 10/7/97: JARIBIO LA MWISHO NA KUFUNGA KIKAO

Thomasi alimaliza kufunga waya jua likiwa linakaribia kuzama. Iliamuliwa wajumbe wakae kimya na Generoza aende kwake akaendelee na kazi zake, asiambiwe saa ya kubonyeza.

Mayu alikwenda chumbani kwake akajilaza kitandani, kama atakavyolala. Katibu na Mwenyekiti walisimama mlangoni. Thomasi alibonyeza kile cha ukumbini. Kililia palepale, cha jikoni kikafuata, na ng'ambo ya uwa kikalia kingine.

Mayu alikuwa amefumba macho. Hakutikisika.

Mlango wa Generoza ulisikika ukigonga ukuta. Alivuka uwa mbio, viganja vimejaa unga, kanga imebaki njiani, akatupita mlangoni kama hatupo, akafika kitandani na kumshika bega.

Mayu alifumbua macho. Aliangalia unga uliomwagika begani, akauliza kuna nini.

Generoza alikuwa anahema. Alisogeza uso wake mbele ya uso wa Mayu, akasubiri pumzi irudi, akasema taratibu: "Hakuna kitu, mayu. Nimekusikia, nimekuja."

Kikao kilijifunga chenyewe saa kumi na mbili jioni.

Mabula Bujiku
MWENYEKITI

Athanasi
KATIBU